Hesabu Kinachofanya Kazi Leo: Jinsi ya Kukagua Maji, Vyoo na Usafi katika Shule na Zahanati ya Shamba



Miaka michache iliyopita wajumbe watatu wa tawi letu, katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda, walikwenda ofisini kulalamika juu ya shule na zahanati ya kambi. Walisema maji ni mabaya na vyoo havitoshi. Meneja hakukasirika. Alimwita karani, akaletewa daftari, akasoma: shule ina wanafunzi 390, matundu ya choo 12 na pampu ya mkono moja, zahanati ina matangi mawili na bomba hadi chumba cha kuzalia. Kisha akauliza, "Na ninyi mna hesabu gani?" Wajumbe wakatazamana. Hawakuwa na hesabu yoyote. Mkutano ukaisha kwa robo saa.

Jioni ile, katika mkutano wa kambi, mama mmoja mchuma chai alisimama akasema, "Daftari lao linahesabu vilivyojengwa. Mimi nilipokwenda kujifungua pale zahanati, niliambiwa nije na jerikeni yangu ya maji."

Maneno ya mama yule ndiyo yaliyotufundisha somo hili. Kilichojengwa ni kitu kimoja, na kinachofanya kazi leo ni kitu kingine. Chama kinachotaka kusikilizwa hakina budi kwenda kuona kwa macho, kupima, kuandika, na kurudi tena. Kazi hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji watu watano au sita wenye subira, daftari, kalamu, debe la lita 20, saa, na kamba.

1. KWA NINI HILI NI JAMBO LA CHAMA

Wako ndugu watakaosema kwamba chama ni cha mishahara, na vyoo vya shule ni kazi ya serikali. Tuwajibu kwa upole. Mtoto akiharisha, mama hubaki nyumbani, na siku ile kilo zake za majani hazipimwi. Binti akikosa choo chenye mlango, hukosa shule siku kadhaa kila mwezi. Mfanyakazi akikatwa na panga, jeraha lake huoshwa zahanati kwa maji yaliyopo, yawe safi au machafu. Basi maji ya shule na zahanati yamo ndani ya mshahara wetu, ijapokuwa hayaandikwi katika karatasi ya malipo.

Tena tumeyaona mambo haya kwa majirani zetu. Katika kipindupindu kilichoanza Malawi mwaka 2022 na kuendelea mwaka uliofuata, walikufa watu zaidi ya 1,700, na Januari 2023 shule za Blantyre na Lilongwe zilichelewa kufunguliwa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Zambia: shule zilizokuwa zifunguliwe Januari 2024 zilibaki zimefungwa mpaka Februari kwa sababu ya ugonjwa ule ule. Ugonjwa huu haujali mpaka wala kitambulisho. Huja pale kinyesi cha mtu kinapoingia katika maji au chakula cha mwingine.

Na sheria je? Mapatano Na. 110 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1958, yanahusu mashamba makubwa, na ndani yake mna sehemu za makazi, maji, vyoo na matibabu ya wafanyakazi. Mapatano Na. 184 ya mwaka 2001 yanahusu usalama na afya katika kilimo. Tarehe 28 Julai 2010 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba maji safi na vyoo ni haki ya binadamu. Si kila serikali imeyaridhia mapatano yale mawili, lakini hata pale ambapo hayajaridhiwa, hutupatia kipimo cha kuweka mezani. Lakini kipimo peke yake hakitoshi. Meneja atauliza tena, "Mna hesabu gani?"

2. FUNZO LA MTAA MMOJA WA LONDON

Mwaka 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Broad Street, London. Katika muda wa siku kumi walikufa watu zaidi ya 500. Wakubwa wengi wa siku zile waliamini kuwa ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, hakuridhika. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: maji yenu mlichota wapi?

Sikilizeni alichokikuta, maana kinatuhusu sisi wa viwandani. Katika mtaa ule kilikuwapo kiwanda cha fataki za bunduki chenye wafanyakazi wapatao 200. Humo mliwekwa mapipa mawili ya maji ya kunywa, yaliyochotwa katika pampu ya mtaa. Wafanyakazi 18 walikufa. Karibu na hapo palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Hao walikuwa na kisima chao ndani ya kiwanda, na wengi walikunywa pombe waliyogawiwa. Hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Mtaa ni ule ule na hewa ni ile ile. Kilichotofautiana ni maji.

Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu ile uliondolewa. Baadaye palipochimbwa, ikaonekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja, nalo lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani.

Snow hakuwa na mashine. Alikuwa na swali zuri, na alihesabu watu mmoja mmoja. Sisi nasi tutafanya vivyo hivyo.

3. KABLA YA KWENDA

Chagueni kamati ya watu watano au sita. Wanawake wawe nusu au zaidi, maana ndio wachotaji wa maji na ndio wanaojua habari za wasichana. Awemo mfagiaji wa shule au wa zahanati, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye tundu gani limejaa. Awemo mzazi. Mmoja awe mwenye daftari, asiyefanya kazi nyingine siku hiyo ila kuandika.

Mwandikieni barua mwalimu mkuu na mkuu wa zahanati. Waambieni mnakuja kusaidiana nao, si kuwashtaki. Mwalimu na muuguzi ni wafanyakazi kama sisi. Mara nyingi wamekwisha kuomba sabuni na maji mpaka wamechoka kuomba. Mkiingia kama polisi, wataficha. Mkiingia kama ndugu, watawafungulia hata chumba ambacho hamkukijua.

Fungeni vifundo katika kamba, kila mita moja kifundo kimoja. Chagueni siku ya kazi ya kawaida, wala si siku ya wageni, maana siku ya wageni sabuni huonekana.

4. MAJI: MASWALI MANNE

Swali la kwanza: yanatoka wapi? Bomba, kisima cha kuchimbwa kwa mashine chenye pampu, kisima kilichojengewa na kufunikwa, chemchemi iliyojengewa, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kutoka kwenye mabati: hivyo huhesabiwa kuwa vyanzo vilivyohifadhiwa. Kisima cha wazi, mto na bwawa havimo. Msiandike mlichoambiwa. Fuateni bomba kwa miguu mpaka mwanzo wake.

Swali la pili: yapo leo, saa hii? Fungueni bomba. Pigeni pampu. Kama hayatoki, andikeni "hayapo", hata kama mnaambiwa jana yalikuwapo. Kisha ulizeni ni miezi gani hukauka.

Swali la tatu: yanatosha? Shirika la Afya Duniani huweka kipimo cha lita 5 kwa siku kwa kila mwanafunzi na kila mwalimu wa shule ya kutwa. Shule yetu ilikuwa na wanafunzi 390 na walimu 10, jumla watu 400. Mara 5 ni lita 2,000, yaani madebe 100 kila siku. Je, pampu inayaweza? Tuliweka debe chini ya pampu, kijana akapiga, na mwenye saa akahesabu. Debe la lita 20 lilijaa kwa sekunde 90. Kwa saa moja ni madebe 40, yaani lita 800. Kwa hiyo shule inahitaji pampu ile kwa saa mbili na nusu bila kupumzika. Lakini pampu ile ile ndiyo ya kambi nzima! Saa moja asubuhi ina foleni ya akina mama wanaowahi shambani, na watoto husukumwa nyuma. Katika daftari la ofisi pampu ilikuwa "ipo", lakini kwa hesabu ya debe na saa haikuwatosha wote.

Kwa zahanati vipimo ni vingine: lita 5 kwa kila mgonjwa anayekuja na kurudi, lita 40 hadi 60 kwa kila aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila mama anayejifungua. Zahanati yetu siku ile ilikuwa na wagonjwa 60 wa kutwa, vitanda 4 vyenye watu, na mama mmoja katika chumba cha kuzalia. Hesabu yake ni 300, na 240, na 100. Jumla lita 640, sawa na madebe 32. Tulipohesabu maji yaliyokuwamo, tangi moja lilikuwa na ufa na limekauka, la pili lilikuwa tupu likingojea mvua, na bomba la chumba cha kuzalia halikutoa tone. Ndani mlikuwa na jerikeni tatu za lita 20. Lita 60 tu kwa zahanati nzima, pungufu hata kwa mama yule mmoja.

Mwenye daftari aliandika, kisha akamwuliza muuguzi, "Sista, kitanda mnakiosha kwa nini baada ya mama kujifungua?" Sista akajibu, "Kwa maji aliyokuja nayo mama."

Swali la nne: ni salama? Maji maangavu si lazima yawe safi. Zungukeni chanzo na kutazama haya:
- Kuna choo umbali gani? Kipimo cha kawaida ni choo cha shimo kisiwe karibu zaidi ya mita 30 na kisima. Kamba yetu ilihesabu mita 18 kutoka choo cha wavulana, tena choo kiko upande wa juu wa mteremko.
- Sakafu ya saruji ya kisima ina nyufa? Maji yanasimama na kufanya tope miguuni mwa pampu?
- Pampu inacheza chini, hata maji machafu yaweza kurudi ndani?
- Kuna ua, au ng'ombe na mbuzi hufika?
- Baada ya mvua kubwa maji hubadilika rangi?
- Na hili ni letu sisi wa mashamba: pampu za kunyunyizia dawa za magugu na wadudu huoshewa wapi? Makopo yake hutupwa wapi? Dawa ikiingia katika chemchemi, kuchemsha maji hakuiondoi.

Kama maji hutiwa dawa ya klorini, ombeni kipimo chake mkapime bombani: yafaa ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 katika lita moja. Kujua kwa hakika kama kuna vijidudu vya kinyesi ni kazi ya maabara. Andikeni ombi kwa ofisi ya afya ya wilaya, na kulitia sahihi ya tawi.

5. VYOO: MSIHESABU MILANGO, HESABUNI MATUNDU YANAYOTUMIKA

Tundu moja lihesabiwe kuwa linatumika likitimiza mambo matatu. Halikufungwa kwa kufuli wakati wa masomo. Halikujaa wala sakafu yake haikubomoka. Na lina mlango unaofungika kwa ndani. Likikosa moja tu, lisitiwe katika hesabu.

Kujua kama shimo limejaa, shusheni kamba yenye jiwe. Likigusa uchafu kwa nusu mita tu chini ya sakafu, shimo hilo limekwisha. Lifungwe, lichimbwe jingine.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa shule ni tundu moja kwa wasichana 25, na tundu moja pamoja na mahali pa kukojolea kwa wavulana 50. Juu ya hayo, choo cha walimu wanawake na choo cha walimu wanaume. Serikali nyingine zina vipimo vyao. Hapa Uganda hutumika tundu moja kwa wanafunzi 40. Andikeni mnatumia kipimo gani, msichanganye.

Shule yetu ilikuwa na wasichana 200 na wavulana 190. Kwa kipimo cha kwanza wasichana wanahitaji matundu 8 na wavulana 4, jumla 12. Na daftari la ofisi lilisema 12! Kwa karatasi, hakuna lililopungua. Tazameni sasa tulichokiona:

Matundu 3 yalikuwa yamejaa. Matundu 2 yalikuwa na kufuli, ni ya walimu. Walimu nao wanastahili choo, lakini daftari liliyahesabu kuwa ya watoto. Matundu 2 hayakuwa na milango. Yaliyobaki ni 5: matatu ya wasichana na mawili ya wavulana.

Wasichana 200 kwa matundu 3 ni wasichana 67 kwa tundu moja. Kila mmoja akitumia dakika tatu, foleni ni zaidi ya saa tatu. Mapumziko ya shule ni dakika 20. Kwa hiyo wasichana 20 hivi ndio huwahi, na 180 waliobaki huenda wapi? Wafagiaji walituonyesha wanakokwenda. Ni katika michai, nyuma ya darasa la tatu, juu kidogo ya pampu.

Mambo mengine ya kutazama katika vyoo: kuna maji na faragha kwa msichana aliye katika hedhi, na chombo chenye kifuniko cha kutupia vitambaa? Swali hili aliulize mwanamke, na wanaume wa kamati wasogee pembeni. Mtoto mwenye ulemavu anaweza kuingia, kushika mahali, na kugeuka? Mtoto wa darasa la kwanza haogopi ukubwa wa tundu?

Katika zahanati, tazameni kama kuna choo cha watumishi, choo cha wanawake, choo cha wanaume, na kimoja ambacho mgonjwa asiyeweza kutembea vizuri anaweza kukitumia.

6. MIKONO: MAJI NA SABUNI, VYOTE VIWILI

Hapa hesabu ni fupi. Mahali pa kunawia pakiwa na maji bila sabuni, andikeni "pungufu". Pakiwa na sabuni bila maji, andikeni "pungufu". Pakiwa na vyote viwili wakati mnapotazama, andikeni "ndiyo". Mahali pakavu, hata kama pamejengwa kwa vigae, ni "hapana". Kibuyu chirizi cha jerikeni na kamba, chenye maji na kipande cha sabuni, ni bora kuliko sinki jeupe lililokauka.

Shuleni, tazameni karibu na vyoo na mahali pa kulia uji. Zahanati, tazameni kila mahali mgonjwa anapoguswa: chumba cha daktari, chumba cha sindano, chumba cha kuzalia. Hapo dawa ya mikono ya spiriti yakubalika badala ya maji na sabuni. Tena tazameni mita 5 kutoka chooni: pana maji na sabuni?

7. TAKATAKA ZA ZAHANATI

Tafuteni vyombo vitatu katika vyumba vya matibabu: kimoja cha sindano na wembe, kimoja cha vitu vyenye damu na usaha, kimoja cha karatasi na maganda. Boksi la sindano lifungwe likijaa robo tatu, lisishindiliwe. Kisha fuateni takataka mpaka mwisho wake. Huchomwa wapi? Shimo lina ua? Kondo la nyuma huzikwa wapi? Watoto huweza kufika?

Na anayebeba ni nani? Kwetu ni mama mmoja mfagiaji, kibarua wa siku. Tulimkuta akibeba mfuko wa zahanati kwa mikono mitupu. Glavu nene na viatu vya mpira vilikuwa vimeandikwa stoo. Alivipokea mara moja, zamani, na vilipochanika havikuja vingine. Ndugu, huyu ni mwanachama wetu. Andikeni jina la kazi yake katika ripoti, msiandike jina lake mwenyewe, asije akapata taabu.

8. KUULIZA WATU

Macho hayaoni yote. Lakini ulizeni vizuri. Ukimwuliza mtoto, "Je, huwa unanawa mikono?" atajibu ndiyo, kwa heshima. Mwulize, "Leo baada ya kutoka chooni ulinawa wapi? Nionyeshe." Ukimwuliza mama, "Zahanati ni safi?" atajibu ni safi, maana Sista amesimama hapo. Mwulize akiwa nyumbani kwake, "Ulipokwenda kujifungua, ulibeba nini?"

Wanafunzi wakubwa wanaweza kuchora ramani ya shule: pampu, vyoo, mteremko, na njia wanazopita. Ramani ya wasichana na ramani ya wavulana zitengwe. Mtashangaa jinsi zinavyotofautiana.

9. KUANDIKA NA KUPELEKA

Ripoti isizidi kurasa mbili. Iandikwe tarehe, saa, hali ya hewa, na majina ya vyeo vya waliokuwapo. Katika kila jambo wekeni mistari mitatu: kipimo kinasema nini, tuliona nini, kimepungua kiasi gani. Msitie matusi wala maneno makubwa. Sentensi isemayo "Tarehe fulani, saa nne asubuhi, zahanati yenye mahitaji ya lita 640 ilikuwa na lita 60" ina nguvu kuliko kurasa kumi za hasira.

Kisha gawanyeni mahitaji katika mafungu matatu: ya wiki hii, ya miezi mitatu, ya mwaka. Sisi tuliandika hivi. Wiki hii: milango miwili, sabuni, glavu na viatu vya mfagiaji, na dawa za shamba zisioshewe tena juu ya pampu. Miezi mitatu: tangi lenye ufa libadilishwe, bomba la chumba cha kuzalia litengenezwe, ufa wa sakafu ya kisima uzibwe. Mwaka: matundu 5 mapya, yachimbwe upande wa chini wa mteremko na mbali na kisima, na pampu ya pili kwa ajili ya kambi. Mbele ya kila jambo tuliandika anayehusika: shamba, serikali ya wilaya, kamati ya shule, au sisi wenyewe. Msiache nafasi hiyo wazi, kwa sababu kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

Tuliporudi ofisini, meneja alifungua daftari lake na sisi tukafungua letu. Alisoma kimya. Alipofika kwenye matundu ya choo akasema, "Hizi hesabu mbili hazifanani." Mwenyekiti wetu akajibu, "Ndiyo bwana. Twende tukahesabu ya tatu pamoja." Akavaa kofia, tukaenda. Mbele ya matundu yale matatu yaliyojaa hakuongea.

Tusiwadanganye kwamba yote yalitengenezwa. Milango ilikuja baada ya wiki mbili. Glavu zilikuja. Pampu za dawa zilihamishiwa mahali pengine. Bomba la chumba cha kuzalia lilichukua miezi saba na barua mbili. Matundu mapya matatu yamechimbwa, mawili bado. Sabuni imekwisha mara mbili tangu wakati ule, na mara zote mbili aliyetujulisha ni mwanafunzi.

Ndiyo maana ukaguzi si wa mara moja. Sisi huhesabu mara mbili kwa mwaka: wakati wa kiangazi, visima vinapopungua, na wakati wa mvua, mashimo yanapofurika. Daftari letu sasa lina kurasa nyingi, na limefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku la tawi. Ofisi nayo imeanza kuuliza, "Mnahesabu lini tena?"

Yule mama aliyesimama mkutanoni ni mmoja wa kamati. Kila tunapofika zahanati, huenda moja kwa moja chumba cha kuzalia na kufungua bomba kabla ya kumsalimu mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Shule ya watoto wenu ina wasichana wangapi, na matundu mangapi yanayotumika leo? Kila tundu ni la wasichana wangapi?
2. Pimeni pampu au bomba lenu kwa debe na saa. Latoa lita ngapi kwa saa moja? Nani wengine hulitumia saa hizo?
3. Mama wa mwisho kujifungua katika zahanati yenu alibeba nini kutoka nyumbani?
4. Nani hubeba takataka za zahanati, na amepewa nini cha kujikinga?
5. Katika mambo mliyoyaona, ni lipi mwaweza kulitengeneza wenyewe kabla ya mkutano ujao, na ni lipi ni wajibu wa mwajiri au wa serikali?
6. Wekeni sasa tarehe ya hesabu ya pili, na iandikwe katika kumbukumbu za tawi kabla hamjatawanyika.